Wastani Peke Yake Hautoshi: Uchanganuzi wa Mtawanyiko na Mtafiti wa Lugha

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazohusu ujifunzaji wa lugha hulinganisha makundi ya watu. Wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni ya Kibantu hulinganishwa na wenzao wa lugha za Kinailoti. Wa mjini na wa mashambani. Wavulana na wasichana. Waliofunzwa kwa mbinu hii na waliofunzwa kwa mbinu ile. Mtafiti huwapa zoezi, huhesabu makosa, hutafuta wastani wa kila kundi, kisha hutangaza kwamba kundi hili lina wastani wa makosa 7, lile 9 na lile jingine 11. Kwa hivyo lugha ya kwanza ina athari. Jedwali linafungwa, sura ya nne inakwisha na mahafali yanakaribia. Dai la makala haya ni kwamba hitimisho la aina hiyo halijathibitishwa hata kidogo, na kwamba sisi wa Kiswahili tumewaachia wanasaikolojia chombo ambacho kinatufaa mno, tena chombo ambacho wao wenyewe walikitumia visivyo kwa miaka mingi kwa sababu hawakuyajali maneno jinsi tunavyoyajali sisi.

Pengine msomaji atauliza: kuna madhara gani? Madhara yapo. Hitimisho la tasnifu halibaki maktabani. Hunukuliwa na mwanafunzi wa mwaka unaofuata, hupenya katika mihadhara, na hatimaye humfikia mwalimu wa darasani likiwa limegeuka imani: kwamba watoto wa jamii fulani hawawezi upatanisho wa kisarufi, au kwamba mtoto wa Pwani hana haja ya kufunzwa sarufi maadamu amezaliwa nayo. Mtoto wa bara huhukumiwa kabla hajafungua kinywa, na mtoto wa Pwani aliyekwama huonekana mzembe. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali nzuri ya kumwonya kijana dhidi ya marafiki wabaya, lakini ni takwimu mbovu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao msomaji anaweza kuukokotoa kwa kalamu. Wanafunzi 12 wamegawika katika makundi matatu ya watu wanne wanne kulingana na lugha zao za kwanza, na kila mmoja ameandika insha. Makosa ya upatanisho wa kisarufi katika kundi la kwanza ni 6, 7, 8 na 7. Katika la pili ni 8, 9, 10 na 9. Katika la tatu ni 10, 11, 12 na 11. Wastani ni 7, 9 na 11. Sasa tufikirie darasa jingine la wanafunzi 12. Kundi la kwanza lina makosa 1, 7, 13 na 7; la pili 3, 9, 15 na 9; la tatu 5, 11, 17 na 11. Wastani ni uleule: 7, 9 na 11. Mtafiti anayeishia kwenye wastani ataandika hitimisho moja kwa madarasa yote mawili, neno kwa neno. Ilhali yeyote anayezitazama tarakimu anaona kwamba katika darasa la kwanza makundi yametengana, na katika la pili yameingiliana kiasi kwamba mwanafunzi aliyekosea mara 13 yumo katika kundi linalodaiwa kuwa bora, na aliyekosea mara 5 tu yumo katika kundi linalodaiwa kuwa dhaifu.

Uchanganuzi wa mtawanyiko, ambao katika vitabu vya takwimu umezoeleka kwa ufupisho ANOVA, huyaweka katika hesabu yale ambayo jicho limeyaona. Hupima mitawanyiko miwili. Wa kwanza ni wa baina ya makundi: wastani wa kila kundi uko mbali kiasi gani na wastani wa jumla? Hapa wastani wa jumla ni 9, na makundi yako mbali nao kwa 2, 0 na 2. Tukizidisha kila tofauti kwa yenyewe, na kuhesabu wanafunzi wanne wa kila kundi, tunapata 32. Kwa kuwa makundi ni matatu, tunagawa kwa 2 na kupata 16. Mtawanyiko wa pili ni wa ndani ya makundi: kila mwanafunzi yuko mbali kiasi gani na wastani wa kundi lake mwenyewe? Katika darasa la kwanza jumla ya tofauti hizo, kila moja ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ni 6. Tunaigawa kwa 9, yaani wanafunzi 12 kutoa makundi 3, na kupata takriban 0.67. Katika darasa la pili jumla ni 216, ambayo ikigawiwa kwa 9 inatoa 24. Kisha mtawanyiko wa kwanza unagawiwa kwa wa pili. Darasa la kwanza linatoa 24, la pili takriban 0.67. (Kwamba tarakimu hizi mbili zimebadilishana nafasi ni sadfa tu ya mfano nilioutunga.) Uwiano huu ndio unaoitwa F. Kwa makundi matatu na watu 12, majedwali ya takwimu yanataka F ivuke 4.26 kabla ya mtafiti kudai, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 5, kwamba tofauti haielekei kuwa bahati nasibu. Darasa la kwanza limevuka kwa mbali. La pili halijakaribia. Wastani ni uleule, na majibu ni mawili.

Hesabu hii haikuzaliwa katika maabara ya saikolojia bali shambani. Ronald Fisher alijiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Kituo hicho kilikuwa kimefanya majaribio ya mbolea tangu 1843, na kilikuwa na rundo la kumbukumbu za mavuno zilizomsubiri mtu wa kuzifasiri. Swali la mkulima lilikuwa lilelile la mtafiti wa makosa ya lugha: shamba hili limezaa zaidi kwa sababu ya mbolea, au kwa sababu mashamba hayalingani hata yakitunzwa sawasawa? Mwaka 1923 Fisher, akishirikiana na Winifred Mackenzie, alichapisha uchanganuzi wa aina hiyo kuhusu viazi na mbolea, na mwaka 1925 akatoa kitabu cha mbinu za takwimu kwa watafiti kilichoisambaza mbinu hiyo duniani. Herufi F ilitolewa na Mmarekani George Snedecor kwa heshima ya Fisher. Wanasaikolojia waliipokea katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikakita mizizi katika vitabu vyao vya kufundishia, kwani saikolojia ya majaribio ni elimu ya kulinganisha makundi: waliolala na waliokesha, waliosifiwa na waliokemewa, waliosoma orodha fupi na waliosoma orodha ndefu.

Si vibaya kukumbuka pia kwamba Fisher huyohuyo alikuwa mfuasi wa itikadi ya kuboresha uzao wa binadamu, na ni kwa sababu hiyo kwamba mwaka 2020 Chuo cha Gonville and Caius, Cambridge, kiliamua kuliondoa dirisha la vioo lililomuenzi. Chombo kinachotenganisha mavuno ya viazi kinaweza kutumiwa kuwatenganisha watu kwa nia mbaya. Lakini F haimwambii mtu kwamba kundi lina asili fulani. Inamwambia tu ikiwa wastani umetengana kupita vile ambavyo tofauti za ndani ya makundi zingetufanya tutarajie, na mara nyingi ndiyo inayomnyima mwenye chuki ushahidi aliodhani anao.

Wapo watafiti wanaojua kwamba wastani hautoshi na ambao hulitumia jaribio la t kwa kila jozi ya makundi. Makundi mawili yakiwapo, hilo halina neno. Matano yakiwapo, jozi ni 10, na kila jaribio linabeba uwezekano wa asilimia 5 wa kuona tofauti isiyokuwapo. Kama majaribio hayo 10 yasingetegemeana, uwezekano wa kudanganywa angalau mara moja ungefika takriban asilimia 40. Kwa vile yanatumia makundi yaleyale kiwango halisi ni cha chini ya hapo, lakini bado kiko mbali sana na asilimia 5 anazozitangaza mtafiti. Uchanganuzi wa mtawanyiko huuliza swali moja kwa makundi yote: je, ipo tofauti yoyote? Jibu likiwa ndiyo, hapo ndipo mtafiti anapouliza ni makundi yapi yaliyotofautiana, kwa jaribio kama lile la Tukey ambalo huzingatia wingi wa jozi. Anayeiona F kubwa kisha akaandika kwamba makundi yote yametofautiana amesema zaidi ya alichoambiwa.

Aidha, kuna kosa ambalo programu za kompyuta zimelizidisha. SPSS, ambayo ndiyo inayotumika sana vyuoni, katika matoleo yake ya zamani huchapa .000 pale ambapo uwezekano ni mdogo kuliko nafasi za desimali inazoonyesha, na watafiti huinakili na kuandika kwamba uwezekano ni sifuri. La hasha! Tarakimu hiyo imekadiriwa tu. Huandikwa kuwa uwezekano uko chini ya 0.001. Tena uwezekano huo si uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli, jambo ambalo Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kulitolea taarifa rasmi mwaka 2016, wanasayansi wa nyanja zote wakiwa wanalikosea. Bora zaidi mtafiti aseme athari ina ukubwa gani. Katika darasa letu la kwanza, tofauti za makundi zinaeleza sehemu 32 kati ya 38 za mtawanyiko wote, yaani takriban asilimia 84. Katika la pili ni 32 kati ya 248, takriban asilimia 13. Tarakimu hizi mbili zingemsaidia mwalimu kuliko majedwali kumi ya asilimia za makosa.

Hadi hapa nimemsifu mwanasaikolojia. Sasa nimrudi kidogo, maana hapa ndipo penye haki yetu.

Katika miaka ya 1950 na 1960 wanasaikolojia waliovutiwa na lugha walifanya majaribio mengi ya kukumbuka na kutambua maneno. Mtafiti aliwaletea watu, tuseme, nomino 20 na vitenzi 20, akapima muda wa kila mmoja kutambua neno, akafanya uchanganuzi wa mtawanyiko na kuhitimisha kwamba watu hutambua nomino upesi kuliko vitenzi. Hesabu yake ilikiri kwamba watu wake ni sampuli tu ya watu wote na ikazingatia tofauti za mtu na mtu. Lakini maneno je? Maneno yalihesabiwa kana kwamba nomino zile 20 ndizo nomino zote za lugha na vitenzi vile 20 ndivyo vitenzi vyote. Hitimisho lake lilikuwa halali kwa maneno 40 aliyoyachagua, basi. Edmund Coleman aliliona tatizo hilo mwaka 1964 na hakusikizwa sana. Mwaka 1973 Herbert Clark alichapisha makala, katika jarida lililoshughulikia ujifunzaji na tabia ya lugha, yaliyoonyesha kwamba matokeo kadhaa mashuhuri hayasimami pindi maneno yanapohesabiwa kuwa sampuli kama watu wanavyohesabiwa. Alipendekeza F ikokotolewe mara mbili, mara moja kwa wastani wa kila mtu na mara ya pili kwa wastani wa kila neno, kisha F hizo zizidishwe na kugawiwa kwa jumla yake. F ya watu ikiwa 12 na ya maneno ikiwa 3, matokeo ni 36 kugawa kwa 15, yaani 2.4. Ile 12 iliyomfurahisha mtafiti inanywea mara moja.

Mwanafunzi wa isimu akiyasoma haya hushangaa kwamba yalihitaji kuelezwa. Nani miongoni mwetu asiyejua kwamba maneno hayalingani? Tuseme mtafiti anataka kujua kama wasomaji wa Kiswahili hutambua nomino za ngeli ya A-WA upesi kuliko za KI-VI. Mwanasaikolojia asiyeijua lugha angechukua mtu, mtoto na mwalimu upande mmoja, na kitabu, kiti na kisu upande wa pili, akaanza kupima. Sisi twajua kwamba kitabu ni neno la Kiarabu lililovishwa ngeli kwa kuwa lilianza kwa sauti iliyofanana na kiambishi chetu. Twajua kwamba kiongozi, kipofu na kifaru yana umbo la KI-VI ilhali upatanisho wake ni wa A-WA. Na kiboko je? Kiboko amelala mtoni, kiboko kimekatika mkononi mwa mchungaji: herufi zilezile, ngeli mbili. Mtafiti akiliweka neno hilo katika orodha yoyote kati ya mbili amekwisha kuuchafua ulinganisho wake, na hakuna F itakayomwambia. Vitenzi navyo hurefuka kwa minyambuliko: pika, pikia, pikisha, pikishana. Atakayelinganisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendeshana bila kuuzingatia urefu wa maneno atakuwa amepima urefu, akadhani amepima sarufi.

Hoja ya Clark, basi, inafika moja kwa moja kwenye zile tasnifu za makosa nilizoanza nazo. Zoezi la upatanisho lenye sentensi 20 ni sampuli ya sentensi za Kiswahili kama wanafunzi 60 walivyo sampuli ya wanafunzi. Ikiwa sentensi saba kati ya hizo zina nomino za U-ZI ambazo hata wazawa wa Lamu na Mombasa huzibabaikia, huenda tofauti nzima ya makundi imetokana na hizo saba. Mtafiti aliyejumlisha makosa ya kila mwanafunzi na kutupa karatasi hawezi kujua tena.

Tangu wakati wa Clark mambo yameendelea, na si kila hatua ilikuwa ya mbele. Watafiti wengi walizoea kutaja F ya watu na F ya maneno sambamba bila kuziunganisha, wakidhani wameridhisha masharti. Jeroen Raaijmakers na wenzake waliwasahihisha mwaka 1999. Mwaka 2008 Harald Baayen, Douglas Davidson na Douglas Bates walieleza mbinu ya kuwaweka watu na maneno katika hesabu moja kwa wakati mmoja, na leo majarida ya isimu saikolojia huitarajia mbinu hiyo kuliko uchanganuzi wa mtawanyiko wa kale. Programu inayoiendesha hupatikana bure. Sidhani kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza aanzie huko. Aanzie kwenye wanafunzi 12 na kalamu, aelewe mtawanyiko wa ndani na wa baina, kisha apande.

Kuna sharti jingine ambalo halikokotolewi bali hupangwa mapema. Uchanganuzi huu hudhani kwamba alama ya mwanafunzi mmoja haitegemei ya mwenzake. Mtafiti anayetaka kulinganisha mbinu tatu za kufunza ushairi akaenda katika shule tatu, mbinu moja kwa kila shule, amelinganisha walimu watatu na walimu wakuu watatu pamoja na hizo mbinu zake, na hata angekuwa na wanafunzi 300 hawezi kuvitenganisha. Msimamizi wa tasnifu ndiye wa kulizuia hili katika pendekezo, kabla nauli haijatumika.

Watakuwapo watakaosema kwamba Kiswahili ni taaluma ya sanaa na kwamba fasihi haipimwi kwa F. Nakubaliana nao kabisa kuhusu fasihi. Hakuna anayehitaji uchanganuzi wa mtawanyiko ili auelewe ushairi wa Muyaka. Lakini mtu akishaandika kwamba kundi hili limekosea zaidi ya lile, amekwisha kuingia katika nyumba ya takwimu kwa hiari yake, na hawezi kukataa kuvua viatu mlangoni. Wengine watalalamika kwamba istilahi hazipo. Zipo, au zinaundika: wastani, sampuli na nadharia tete tumezizoea, mtawanyiko unaeleweka hata kwa asiyesoma takwimu, na ukubwa wa athari hauhitaji kamusi. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayatapatikana ikiwa kozi ya mbinu za utafiti itaendelea kuwa ya nadharia za ukusanyaji wa data peke yake.

Kwa sasa lipo jambo dogo ambalo idara na chama chetu vinaweza kulidai bila kungoja mtaala mpya. Kila tasnifu inayolinganisha makundi ichapishe sentensi zote au maneno yote yaliyotumika, pamoja na idadi ya makosa ya kila mtahiniwa katika kila sentensi, majina yakiwa yameondolewa na namba tu zikibaki. Sentensi 20 na wanafunzi 60 ni visanduku 1,200, ambavyo vinaenea katika kurasa mbili tatu za kiambatisho. Mtafiti ajaye akiwa na kurasa hizo ataweza kukokotoa F ya watu na F ya sentensi mwenyewe, hata kama aliyezikusanya hakujua kwamba kuna mbili.